Mguu Usiosikia Moto

Siku ya mnada wa mifugo Garissa, vumbi hupanda hadi kwenye kope. Idman, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa akipenya katikati ya mbuzi na wanunuzi, gauni lake la dira la manjano likipepea, alipoona kandambili ya dalali mmoja imelowa damu.

"Warya, wewe! Unavuja damu!"

"Mimi?" Dalali huyo, Dekow, aliinua mguu. Mwiba wa mgunga ulikuwa umetoboa kandambili hadi nyamani. Akaung'oa huku akicheka.

"Na hukuusikia?"

"Nimekusikia wewe tu, abaayo."

Basi wakaanza hivyo. Simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekunywa chai."

"Ya sukari?"

"Sauti yako yatosha kuikoleza."

Idman alicheka, lakini moyo haukucheka. Dekow alikuwa na ugonjwa wa sukari, na vidonge alivimeza siku alizovikumbuka. Kitobo cha mwiba kikawa kidonda, kidonda kikaanza kunuka.

"Twende hospitali, Dekow."

"Hakiumi hata kidogo. Kidonda kisichouma kinatibiwa cha nini?"

Kisha simu yake ikazimwa. Wiki zikapita kimya. Ruqiya, mwenzake Idman wa sokoni, akamcheka: "Madalali hao! Ana mke Habaswein, wewe kaa ungoje." Idman akalia, akaifuta namba.

Arbia, dada yake Dekow, ndiye aliyempigia. "Njoo hospitali. Anakutaja tu."

Alimkuta wodini, mashavu yamebonyea, shuka limelala bapa pale mguu wa kushoto ulipopaswa kuwa. Habaswein hakukuwa na mke. Dekow alikuwa amekwenda huko kwa abti yake, mjomba wake, kidonda kichomwe kwa kijiti cha moto, kama walivyochoma wazee tangu zamani.

"Walinisifu, Idman. Sikukunja hata uso. Wakasema, huyu ndiye mwanamume."

"Hukusikia kitu!"

"Ndivyo alivyosema daktari. Sukari ilikuwa imeua mishipa ya fahamu. Moto ukafika mfupani, na mimi natabasamu."

"Kwa nini ulizima simu?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo! Kingesafishwa, ukapewa dawa, ukaacha kukikanyagia, ungepona!"

Dekow akageukia ukutani. "Kaolewe kwingine. Baba yako hatakuoza kwangu."

"Nimeshamuuliza. Amekataa."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja."

Muuguzi alikuwa amemwelekeza: uoshe mguu uliobaki kila siku, ukaushe katikati ya vidole, utazame wayo, na ukiona hata lengelenge umlete. Asitembee peku. Kisha akamfundisha kuupima kama bado unahisi.

Idman akaupakata mguu ule wa kulia, mkavu kama gome.

"Fumba macho, mpenzi. Nikikugusa kidole, uniambie."

Dekow akafumba macho. Uso ukamchangamka.

"Nasikia," akasema. "Wallahi, nasikia vizuri kabisa."

Mkono wa Idman ulikuwa bado haujamgusa.