Kengele ya Mwese

Jua lilikuwa linazama Nashon alipofungua ofisi yao ya Majengo aangalie kwa nini mtandao unasuasua. Kazi ya dakika tano tu. Wakubwa walikataa kununua mitambo ya maana, kwa hiyo yeye na fundi mwenzake, marehemu Krispini, walipakua programu za bure, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua aone zilivyoundwa. Ndizo zilizolinda minara yote ya simu. Kila simu iliyounganishwa iliandikwa. Mnara ukizimika, kengele ililia, na aliyeinyamazisha naye aliandikwa jina.

Hilo jina ndilo lililomnyima Nashon usingizi.

Miezi miwili nyuma, Krispini alikwenda peke yake milima ya Mwese kutengeneza mnara. Mnara ukiwa mbovu, kule simu hazishiki. Wakakubaliana kwamba akipata shida atauzima na kuuwasha mara tatu, kengele ilie mjini, Nashon amfuate. Kengele ililia mara tatu. Nashon alikuwa anaangalia mpira. Akainyamazisha kila mara, akaendelea kuangalia.

Wanakijiji walimkuta Krispini asubuhi, kaanguka, kavunjika kiuno. Alikuwa amejiburuza mpaka kwenye swichi. Mkono ulikuwa bado umeishika.

Nashon akaifuta kwenye kompyuta mistari mitatu yenye jina lake. Msibani alimwambia mjane, Kasilda, bila hata haya, kwamba kengele haikulia. Kasilda alikuwa amemzika mumewe kulekule Mwese, na simu yake mfukoni. Hakubisha.

"Sawa, shemeji," alisema taratibu. "Kama ililia, atakuja kukwambia mwenyewe."

Sasa mstari mpya ulijiandika kwenye kompyuta.

Saa 12:41 jioni. Simu ya Krispini. Mnara wa Mwese.

Nashon akaufuta. Labda wezi wamefukua kaburi, alijipa moyo. Ndipo alipofikia, kuomba rafiki yake awe amefukuliwa.

Saa 12:44. Simu ya Krispini. Mnara wa Kasokola.

Dakika tatu, kutoka milimani mpaka karibu na mji... Kwa barabara ile, pikipiki inamaliza masaa. Akampigia Kasilda.

"Shemeji... ililia. Niliizima mimi."



"Nilijua siku ileile," Kasilda alisema. "Mimi unaniambia ya nini? Mwambie yeye."

Akakata.

Saa 12:46. Simu ya Krispini. Ofisi ya Majengo.

Mlango Nashon alikuwa ameufunga kwa ndani. Hata hivyo harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani. Kitu kikaanza kujiburuza sakafuni, polepole, kikipumzika, kikijiburuza tena.

Taa ikazimika. Ikawaka.

Ikazimika. Ikawaka.

Ikazimika.

Nashon alipapasa ukutani, akabonyeza kengele ya hatari, ile ya kumwita mlinzi. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa nguvu zake zote.

Kimya.

Asubuhi walimkuta sakafuni, amekwisha kuwa baridi, mkono bado umeshika swichi ya kengele. Mganga wa zamu alisema ni moyo. Nyayo hazikuonekana, ila udongo mwekundu kidogo chini ya meza, na ofisi ile haikufagiliwa kila siku. Mlinzi, mzee Isidori, aliyekesha getini hatua kumi tu kutoka pale, aliapa mbele ya watu wote kwamba kengele haikulia.

Yeye alisema kweli. Kwenye kompyuta ulibaki mstari mmoja, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuufuta:

Kengele ya Majengo. Imenyamazishwa na Krispini.