Jina Moja kwa Kebirigo Nzima

Kilichoanza ni vitone. Saa nne asubuhi Lorna alifungua ukurasa wa barua pepe ya mteja, na kabla hajagusa kitufe, kisanduku cha nywila kikajaa vitone vyeusi, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayejifunza kuchapa. Ukurasa ukafunguka.

"Bosi, hii kitu imejifungua yenyewe."

"Si ndiyo vizuri? Imekupunguzia kazi," Machogu akajibu bila kuinua macho.

Huyo ndiye Machogu, mwenye saiba, duka la intaneti, pale Kebirigo, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa kazi yake. Kwa miaka tisa aliwafungulia wakulima wa majani chai akaunti zao, naye akampa kila mmoja wao nywila ile ile aliyoitumia yeye mwenyewe: Machogu123. Ati ili wasisahau! Jina lenyewe lilikuwa la babu yake. Kwao mtoto hupewa jina la marehemu ili marehemu aitwe tena nyumbani, na hilo ni jambo la heshima. Lakini babu wa watu kuitwa kutwa na wageni mia tatu wanaotafuta fomu? Mpumbavu huyu hakuona ubaya wowote.

Lorna, aliyemfanyia kazi, alikuwa na programu ya kutunza nywila kwenye simu yake. Yenyewe ilimtungia kila akaunti nywila yake, ndefu isiyosomeka, ikazifungia zote, naye akashika kichwani sentensi moja tu ya kufungulia, ambayo hata mamake hakuambiwa. Machogu alipoiona alicheka hadi akakohoa.

"Kwani wewe huna kichwa? Msomi mzima anashikiwa akili na simu!"

Wiki ya pili ikaja harufu ya manyoya ya kuku yanayoungua. Vitufe vikawa na joto asubuhi, kabla umeme haujawashwa. Kisha picha ya Machogu kwenye akaunti yake, ile ya shati la buluu akiangalia pembeni, ikaanza kugeuza shingo, kidogo kila siku, hadi ikamkazia Lorna macho. Hapo Lorna akamleta Anisa, muuza mitumba wa soko la Daraja Mbili ambaye alirithi kazi ya kupunga majini kutoka kwa mamake. Anisa alifika mlangoni akakataa kuingia.

"Mzee Machogu, anayezifungua si babu yako," akanong'ona. "Ni jini. Amesikia jina likiitwa kila siku na mwenyewe haitiki, sasa ameitika yeye. Badilisha hizo pasiwadi zote leo. Weka kama za Lorna, zisizo jina la mtu."

"Zote mia tatu?"

"Leo, tafadhali. Ameshalipata jina. Kilichobaki ni mwenye jina."

"Mama, enda uuze nguo zako."

Lorna alichukua mkoba wake akaondoka na Anisa, na hakurudi.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha, Machogu akiwa peke yake, na ndipo kibodi zote sita zilipoanza kulia, mabonyezo kumi, kimya, mabonyezo kumi, kimya, akachomoa waya ukutani na bado zikalia, akafumba masikio na bado akazisikia, akatoka mbio bila kufunga duka, akapita kwenye matope na mashamba ya chai huku akihisi kwamba kila hatua yake kuna mwingine ameshaipiga mbele yake, hadi akafika kwake akihema, akasukuma mlango, akamkuta mtu mezani, mkavu bila tone la mvua, mwenye shati la buluu na uso wake yeye, akila kuku.

Joyline, mkewe, aliangusha mwiko.

"Mama Bosire, ni mimi," Machogu akanong'ona. "Huyo si mtu."

"Ameingia saa hii amerukwa na akili," akasema wa mezani, kwa sauti ya Machogu.

Joyline aliuokota mwiko akawaelekezea wote wawili. "Mmoja aniambie kitu mume wangu tu ndiye anajua."

Machogu akajaribu. "Ile siku kule Nyacheki, nili—"

"Nilianguka kwa mtaro nikadanganya watu nimesukumwa," wa mezani akamalizia, akimega ugali. "Nilikuandikia wewe tu, kwa barua pepe. Ukacheka."

"Na pia nilipougua, nika—"

"Nikalia. Nikakuandikia usimwambie mtu."

Machogu alitafuta jambo lingine. Miaka tisa ya maisha yake ilikuwa nyuma ya mlango aliouacha wazi kwa uvivu, na yule alikuwa ameyasoma yote. Mimi simhurumii. Namhurumia mkewe, ambaye alimwendea Machogu polepole, akamsukuma nje kwenye mvua.

"Enda kwenu," akamwambia kwa sauti ya chini, "kabla sijapiga nduru."