Nilimsingizia Fundi Shabani Injini Niliyoiua Mwenyewe

Nina umri wa miaka hamsini na mitatu. Naishi Gongoni, hapa Tabora, na kwa miaka tisa riziki yangu ilitoka kwenye pikapu kuukuu ya milango minne niliyokuwa nikichukulia mchele Igunga na kuuleta mjini. Leo gari sina. Rafiki niliyeanza naye darasa la kwanza amehama kwa sababu yangu. Dada yangu wa pekee hakanyagi kwangu...

Yote hayo yalianza na matone ya oili. Naandika nikiwa nimechoka, wasomaji wenzangu. Nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Rafiki huyo nitamwita Shabani. Ni fundi wa magari, na gereji yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu, kibanda cha bati tu na kipande cha uwanja. Tulikua pamoja. Darasani mimi nilikuwa namzidi, na pengine hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Yeye akawa fundi anayetafutwa na watu, mimi nikawa dereva wa mchele. Sikupenda anifundishe kitu. Sikuwahi kumwambia hivyo, lakini moyoni nilijua.

Asubuhi moja nilikuta doa la oili chini ya gari, kubwa kama sahani. Nikampelekea. Aliingia chini, akapapasa, akatoka anajifuta mikono.

"Usidanganywe na hapa inapodondokea," aliniambia. "Oili inashuka kama maji ya paa. Imeanzia juu huko. Niachie siku mbili, nioshe injini, nione inakotoka, halafu niagize gasketi."

Siku mbili! Mimi nilikuwa na mzigo unanisubiri Igunga. Nikamwambia nitarudi. Sikurudi.

Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wanavyoziba oili wenyewe, kwa dakika chache, wanacheka. Nikajiuliza, mimi nimeendesha gari hili miaka tisa, nashindwa nini? Nikanunua silikoni, ile gundi ya kuzibia, nikaazima jeki, Jumamosi nikaingia chini ya gari. Nikafungua sampo, lile bakuli la chini linalohifadhi oili ya injini. Nikapaka silikoni nene, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Iliyobaki nikaipaka kwenye kava la juu, bila hata kutoa gasketi la zamani, ule utepe unaozuia oili kati ya vyuma viwili. Nikakaza mpaka spana ikaniumiza kiganja.

Na ikakauka kabisa. Wiki ya kwanza hakuna tone. Wiki ya pili hakuna tone. Mnajua furaha ya namna hiyo? Nilimwambia kila mtu. Nilipopita Igunga nikamwambia hata mama yangu mzazi, aliyekuwa akiishi na dada yangu Modesta. Mama alicheka, akanishika mikono akaigeuzageuza, akasema hii ni mikono ya baba yako.

Mwezi haukuisha, taa ya oili ikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Inawaka gari likisimama, inazima likikimbia. Nikachomoa stiki ya kupimia, oili imejaa. Nikasema basi, ni waya tu huo. Jamani... nilichofanya ni kuuchomoa waya wa taa ile ili isinisumbue.

Siku hizohizo nilikutana na Shabani dukani. Aliniuliza gari nimelipeleka wapi. Nikamjibu kwa majivuno kwamba limepona, nimefunga mwenyewe. Hakukasirika. Alisema, "Lipitishe basi nilitazame tu, Dismas. Kutazama tu." Nikamwambia siku nyingine.

Wiki moja baadaye Modesta alinipigia simu alfajiri akilia. Mama ameamka mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki. Nikaenda mbio. Nilipofika Igunga nikakuta wamemfikisha hospitali, na daktari ameandika apelekwe Tabora. Alituambia tuvumilie kidogo, gari la wagonjwa lipo njiani linarudi. Nikasema hapana, ninalo gari langu hapo nje. Daktari akauliza kama ni zima. Nikamjibu ni zima, nimelitengeneza mwenyewe.

Tulimlaza mama kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Modesta. Alikuwa anaongea kwa shida, ulimi mzito, lakini anaeleweka. Alituuliza kama kuku wamefunguliwa. Tukapita Nzega salama. Tulipoiacha Puge nyuma nikasikia sauti, mtu kama anagonga sufuria kwa kijiko kutoka ndani ya injini. Nikaongeza redio. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya. Kilomita chache mbele gari likakosa nguvu, likagonga kwa kishindo, likafa. Nikawasha. Kimya. Injini ilikuwa imekwama kama jiwe.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Jua, pori, na lami tupu kwenda Tabora. Babu zetu waliipita njia ile kwa miguu, mizigo mabegani, na walifika. Mimi na gari langu tulishindwa. Magari mawili madogo yalisimama, yote yamejaa, wakatupa pole wakaenda. Nilipiga simu hospitali kuuliza gari la wagonjwa, wakaniambia lilikuja tukawa tumeshaondoka, sasa limebeba mzazi upande mwingine.

Modesta alikuwa anampepea mama kwa kanga. Akaniangalia, akauliza, "Kaka, hili gari si ulisema limetengenezwa?"

Ningeweza kusema ukweli pale. Nini kilinizuia? Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, nikatoa jingine.

"Shabani," nikasema. "Shabani ndiye aliyelifunga. Fundi yule ameniua."

Mama akafumbua macho. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema kwa ulimi wake ule mzito, neno moja moja, "Dismas... si ulisema... ulifunga mwenyewe?"

Modesta akanigeukia. Na mimi, mtoto niliyezaliwa na mama yule, nikasema, "Usimsikilize, anaweweseka."

Mama akafumba macho. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani. Lori la pamba lilitupakia alasiri, akakaa kati yetu kwenye kabini, na kabla hatujafika mjini ulimi ulikuwa umefunga kabisa. Daktari alisema damu imeganda kichwani, na kwamba saa zilizopotea zilikuwa na thamani, ila hawezi kusema zingemsaidia kiasi gani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mama aliishi miezi saba baada ya hapo, nyumbani kwangu, bila neno. Nilikuwa namlisha uji, ananitazama.

Uongo wangu nao haukukaa kimya. Siku ya tatu tu Modesta alikwenda gereji kwa Shabani, akamtolea maneno mazito mbele ya wateja, kwamba amemfungia gari kaka yake kwa uzembe na mama yake amekuwa bubu. Niliambiwa Shabani alibaki na spana mkononi, anasema tu, "Dada, mimi?" Gongoni watu wanajuana. Aliyekuwa na gari pale alikuja kulichukua, na aliyekuwa na mpango wa kupeleka akabadili mawazo.

Alikuja kwangu jioni moja. Hakuingia, alisimama mlangoni, akamwamkia mama kwanza, shikamoo mama, ingawa alijua hatajibiwa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, mimi niliwahi kufungua injini yako?"

Nikamwambia nina mgonjwa, tutaongea siku nyingine. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Baada ya miezi miwili nikasikia amekunja vitu vyake, amehamia Kaliua na familia yake.

Pikapu ilivutwa mpaka kwa fundi mwingine, mtu wa makamo asiyenijua. Alifungua sampo, akaniita. Kwenye chujio la oili palikuwa pamejaa vipande vya silikoni, vimenyofoka na kujibana kama ubuyu mdomoni. Oili ilikuwepo, ila haikuwa na njia ya kupanda. Injini ilijisaga yenyewe kwa kiu, huku bakuli limejaa. Akaniuliza nani aliyepaka vile. Nikasema sijui. Hata pale, msomaji, hata pale nilisema sijui.

Tulipomzika mama, padri aliomba kwamba mwenye kinyongo na marehemu amsamehe, na aliyemkosea mwenzake aombe msamaha. Watu wote waliitikia amina. Wiki iliyofuata nikapanda treni kwenda Kaliua.

Shabani nilimkuta nyuma ya soko, anatengeneza baiskeli na pikipiki. Amepungua. Aliponiona alisimama, akanivutia kigoda, akaagiza chai. Nikamweleza yote, tangu silikoni mpaka neno la mama barabarani. Sikulia, nilishachoka hata kulia. Yeye alikuwa anazungusha nati vidoleni, hanitazami.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja. "Dada yako anajua?"

Nikasema bado.

"Basi hujaanza kuomba msamaha, Dismas. Umekuja kupumua tu." Akaiweka nati chini. "Mimi nimekusamehe, maana kubeba nako kunachosha. Lakini Gongoni sirudi. Watoto wangu walizomewa shuleni kwamba baba yao amemfanya mama wa watu bubu. Kunywa chai yako, treni haitakusubiri."

Nilirudi, nikaenda Igunga, nikamwambia Modesta mbele ya wajomba zetu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mama hakuwa anaweweseka?" Nikasema hapana. Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Ni mwaka wa pili sasa. Nikipiga simu, haipokelewi.

Gereji ya Shabani amepanga muuza mkaa. Pikapu iliuzwa vyuma chakavu. Mimi nabeba magunia stendi kwa mkokoteni, na nimeshamwambia kila aliyewahi kumsema Shabani vibaya kwamba mkosaji ni mimi. Wengine wananisikiliza. Wengine wanasema yamepita. Wateja wake hawajamfuata Kaliua.

Ndugu zangu wenye magari, sisemi msiguse kitu. Pimeni oili kila asubuhi, wekeni boksi chini mjue inapodondokea, kazeni nati iliyolegea. Lakini msiifungue injini msiyoielewa kwa sababu mmeona mwingine anafungua. Taa ikiwaka, msiizime, iulizeni inataka nini. Na fundi mwaminifu akikuomba siku mbili, mpe siku mbili.

Na kama umeshaharibu, nakuomba, sema siku ileile, kabla hujatafuta mtu wa kumtwisha. Ni maneno matatu tu: nimeharibu mimi mwenyewe. Mimi niliyachelewesha miezi minane, na nilipoyasema, waliokuwa na haki ya kuyasikia mmoja alikuwa kaburini, mwingine ugenini.