Injini Isiyolika

Mzee Hermenegildi alimletea fundi Fulgensi kazi Jumamosi jioni, mvua ikiwa imekatika kidogo, na alikuwa na sharti moja tu.

"Hamisha injini, funga, basi. Usiifungue."

Sharti gani hilo! Mwaka ule wa hamsini na saba hapakuwa na mtu Ifakara nzima wa kumwambia Fulgensi asifungue injini. Ufundi alijifunzia jeshini, Burma, wakati wa vita, na tangu arudi hakupata kufunga injini kuukuu bila kuichungulia tumboni. Hii ilikuwa imebeba mpunga miaka kumi na miwili, Mchombe, Chita, Mlimba, kwenye matope ya kumeza ng'ombe. Sasa mzee alikuwa amepata lori jingine, zima kwa bodi, bovu kwa injini, akataka ya lile la zamani ihamie humo. Usifungue? Ikifia njiani nani atatukanwa?

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Fulgensi hakulisema. Katika lori hilo la zamani ndimo mdogo wake, Hilari, alimokuwa utingo, wa kupakia magunia na kutia kigingi nyuma ya tairi. Kazi ile Fulgensi mwenyewe alimtafutia. Miaka miwili iliyopita Hilari aliugua siku moja tu huko Mchombe, akaletwa kwao Mkula amefunikwa shuka, akazikwa. Mama yao, Apolonia, hakulia. Alisema, "Nimemshika kwa mikono yangu. Ule ni mgomba, si mwanangu." Fulgensi alimgombeza. Mambo ya misukule, mama, zama hizi? Lakini tangu hapo usingizi wake haukuwa usingizi. Kitu kimoja tu alikitaka duniani: awe na hakika kwamba mdogo wake amelala kaburini.

Mzee akaenda kanisani kusali rozari. Fulgensi akangoja kikohozi chake kipotee njiani. Akashika spana.

Akamwaga oili kwanza. Kisha akafungua kichwa cha injini, akaingiza kidole katika silinda ya kwanza, akapitisha ukucha kuelekea juu. Injini iliyofanya kazi, pistoni huila silinda pole pole, na pale juu isipofika hubaki ukingo mdogo. Ukucha hukwama hapo, na fundi akajua imelika kiasi gani.

Ukucha haukukwama.

Silinda ya pili. Laini. Ya tatu... ya nne. Laini kama sahani iliyotoka dukani leo.

"Alaa!"

Akalala chini ya lori, akafungua beringi za krenki, mhimili ule unaozungushwa na pistoni. Hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Masizi juu ya pistoni hakuna. Akachovya kidole katika ile oili aliyoimwaga, akakiangalia kwenye mwanga uliobaki. Ilikuwa na rangi ya asali.

Fundi mwingine angepiga vigelegele. Fulgensi aliiweka spana chini. Injini ile haikulika kwa sababu haikuwahi kufanya kazi. Hata siku moja. Na yeye mwenyewe, kwa macho yake, alikuwa ameliona lori lile likipanda kilima na magunia hamsini mgongoni.

Basi nani alikuwa akilipeleka?

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jasho... jasho la watu wengi, na tope la majaruba. Akatoka chini ya lori taratibu, akazunguka nyuma. Mzee alikuwa ameliingiza uani muda mfupi uliopita, na ardhi ilikuwa laini. Nyuma ya matairi palikuwa na nyayo. Nyayo za miguu mitupu, nyingi, zimejipanga safu kwa safu. Vidole vimezama sana. Visigino havikugusa chini. Ndivyo anavyokanyaga mtu anayesukuma.

Safu ya mwisho, upande wa kulia, mguu mmoja haukuwa na kidole kidogo.

Kidole cha Hilari kilikatwa na jembe akiwa na miaka saba. Aliyeshika jembe alikuwa Fulgensi.

"Hilari?" akanong'ona.

Akainama, akauweka mkono kwenye ule unyayo.

Halafu, karibu kabisa na sikio lake, mguno.

Mmmmh...

"Nilikuambia usifungue."

Mzee Hermenegildi alikuwa amesimama mlangoni mwa ua na taa ya chemli, rozari bado mkononi. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka.

"Mzee..." Fulgensi akainuka. "Na ule mngurumo? Wote tunausikia."

"Mtu akisukuma mzigo mzito, si huguna? Wakiguna thelathini kwa pamoja, wewe utasikia nini?"

"Nipe mdogo wangu."

"Harudi. Ulimi hana, na jina lake halijui."

"Basi injini hii ni nzima! Nitaifunga vizuri, itawaka, lori litakwenda lenyewe. Watapumzika."

Mzee akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha Fulgensi kuliko nyayo.

"Funga, mwanangu, watu waione. Lakini likienda lenyewe, wale nitawaweka wa nini? Nitawamaliza. Wewe ndiye fundi, chagua."

Akamwambie nani? Polisi wangecheka. Padri angemwambia asali. Mama yake angemsadiki mara moja, kisha angekwenda kulala mbele ya matairi.

Kesho yake akaihamishia lile lori jingine, akaifunga. Aliacha kuweka sahani ya klachi, ili injini isishikane na magurudumu hata kidogo. Ilikuwa kazi mbovu kuliko zote alizopata kufanya, na aliifanya kwa uangalifu mkubwa, machozi yakimchuruzika. Kisha akafungua magurudumu yote, akashindilia grisi kwenye beringi mpaka ikafurika, na breki akazilegeza zisikwaruze. Lisiwe zito, basi. Hicho tu ndicho alichoweza kumfanyia mdogo wake.

Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda kulipaka grisi lile lori bila kuitwa. Watu wakasema fundi kawa mtumwa wa mzee. Wacha waseme.

Masika yakapamba moto. Siku moja, mchana kweupe, lori likazama barabara ya Mchombe, limesheheni mpunga, na Fulgensi akiwa mmoja wa abiria. Kama kawaida ya huku, kila aliyekuwepo akaingia matopeni: abiria, wanawake waliotoka shamba, hata mwalimu aliyekuwa akipita na baiskeli yake. Fulgensi akaweka bega nyuma, upande wa kulia.

"Moja, mbili, haya!"

Kando yake palikuwa na bega jingine. Mwenye bega hakumwona. Lilikuwa bega baridi, limekonda, linatetemeka kwa uchovu. Fulgensi akalisogelea mpaka wakagusana, akasukuma kwa nguvu zake zote, asimwachie mwenziwe hata kidogo cha ule uzito. Uchungu na furaha vilimjia pamoja.

Lori likachomoka. Watu wakashangilia, wakajifuta mikono kwenye nyasi.

"Fundi, achia!" mwanamke mmoja akapaza sauti, akicheka. "Limeshatoka!"

Fulgensi hakuachia. Alikwenda akilisukuma, bega lake kwenye lile bega jingine, kichwa kimeinama, mpaka likapinda kona. Viatu vyake vilibaki kwenye tope. Wale wanawake wakavichomoa, wakaviosha, wakakaa kando ya barabara kumngojea mpaka jua likatua.