Ukija Iringa, Fikia Kwetu

Gesti ya bei chee haina siri. Blanketi ni fupi: ukifunika shingo, miguu inabaki nje, na baridi ya Mbeya inaijua miguu ya mgeni. Sabuni ni kipande chembamba, ukikohoa kinapeperuka. Ukuta ni mbao iliyopakwa rangi, wa chumba cha pili akijigeuza na wewe unageuka. Televisheni ipo ila haisemi. Kandambili zimekatwa ncha kwa kisu na kuchomwa namba ya chumba kwa msumari wa moto, maana wenye gesti wanawajua binadamu. Hayo mtu anayategemea, na anayelia kwa ajili ya hayo hajawahi kulala na njaa.

Lakini gesti moja ya uchochoroni, Mwanjelwa, ilikuwa na jambo ambalo mteja hakuambiwa. Mhudumu wake hakupiga hodi.

Aliitwa Jackline, binti wa Kinyakyusa mwenye mikono minene ya kubeba ndoo. Akileta maji ya kuoga alipiga teke mlango, akasema "Maji!", akaitua ndoo akaenda zake. Wateja walimwona hana adabu. Wengine walimsema kwa mwenye gesti, na mwenye gesti akawa anakuna shingo tu.

Nusrat na mumewe Anwari walifika hapo jioni ya mwezi wa sita, wakitoka Makongolosi kumzika mjomba wa Nusrat. Gari lilikuwa limewaharibikia kwenye vumbi la Chunya, na kufika Mbeya mabasi ya Iringa yalishaondoka. Nusrat alikuwa na mimba kubwa, ile ya kukaa chini kwa kushika ukuta. Wakapewa chumba namba tisa, mwisho wa kolido.

Mlango ukapigwa teke. "Maji!"

Nusrat akafungua kabla binti hajageuka. "We mdogo wangu, kwenu hakuna hodi?"

"Hapa hakuna, dada," Jackline akasema. Akatazama lile tumbo, halafu akashusha sauti. "Na ukisikia hodi, dada, usije uka..."

"Jackline!" Mwenye gesti aliita kutoka mapokezi. Hakuita kwa ukali. Aliita tu, na yule binti akameza maneno yake, akaaga kwa asante ya kwao, "Ndaga, dada," akaondoka akiburuta miguu.

Nusrat alikuwa amelelewa na watu ambao hata mbuzi akigonga mlango anaambiwa karibu. Alifyonya, akamwachia mume maji yale. Anwari alipomaliza kuoga akatoka kutafuta chipsi mayai. Adhana ya magharibi ikalia msikiti wa mbali.

"Hodi wenyewe."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tamu, ya mtu aliyekula chumvi. Nusrat akafurahi. Kumbe waliofunzwa wapo.

"Karibu."

"Hodi jamani."

"Karibu, karibu mama, pita ndani."

Mlango haukufunguka. "Nimekuletea maji, mwanangu. Mmetoka mbali?"

"Makongolosi, msibani. Kesho tunarudi kwetu Iringa."

"Poleni. Iringa kuzuri?"

"Kuzuri, mama, ila baridi kama huku huku."

"Mimi sijafika. Siku zote nimo humu kolidoni. Na nikienda, nani atanipokea?"

Nusrat akacheka. "Aa, mama! Ukija Iringa fikia kwetu Mlandege. Ulale gesti na sisi tupo?"

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli kabisa. Njoo hata kesho."

Maneno hayo kila mtu anayasema. Tunayasema kwenye basi, sokoni, kwenye foleni ya kliniki, na huku tunamwomba Mungu mtu asije kweli. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyewahi kufundishwa kuyachunga.

Nusrat akafungua mlango. Ndoo ilikuwepo, inafuka mvuke. Kolido lote lilikuwa tupu mpaka mapokezi, na ile sakafu ya mbao ambayo hata panya akipita inalia, haikuwa imelia. Palikuwa na harufu ya udongo mbichi, ule uliopinduliwa sasa hivi, na mvua ilishakatika tangu mwezi wa tano. Akaoga.

Anwari aliporudi na chipsi, mlango ukapigwa teke. "Maji ya dada!"

"Nilishaoga," Nusrat akasema. "Yule mama mtu mzima kaniletea."

Jackline akaitua ndoo, maji yakaruka. "Ukamjibu?"

"Nisimjibu kwani nimelelewa porini? Nikamwambia karibu."

"Yesu wangu." Sauti ya binti ikawa ya kunong'ona. "Ulimkaribisha humu chumbani tu, dada? Au na nyumbani?"

"Na nyumbani," Nusrat akasema. Jackline akafunga macho, akayafumbua. "Kesho muwahi basi," akasema. Na uso wake, Nusrat aliukumbuka baadaye, ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Mlandege walikuwa wakikaa kwa Bibie, mama yake Anwari, muuza vitumbua, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya viazi. Asubuhi ya kwanza ndiye aliyepiga kelele mlangoni.

"Anwari! Umezaliwa na nani wewe, mpaka unaiba kandambili za gesti?"

Zilikuwa pale kizingitini, zimekatwa ncha, zimechomwa namba tisa. Anwari akaapa kwa baba yake marehemu. Bibie akazitupa chooni, kwenye shimo refu, akazisikia zinagonga chini. Jioni, jua lilipokuwa linamalizikia juu ya mawe makubwa ya kule Gangilonga, zilikuwa zimerudi. Zimepangwa vizuri, ubavu kwa ubavu, kama viatu vya mgeni aliyeingia ndani na heshima zake. Zina matope.

Hapo ndipo Nusrat alipomwambia mkwewe, kwa sauti ya chini, huku ameshika tumbo kwa mikono miwili. Bibie akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umealika shetani kwa kupenda sifa."

"Mama, nilijua ni mtu."

"Mtu anakanyaga sakafu."

Usiwaamini wanaosema jini huja na moto na kupiga watu. Huyu alikaa. Alikaa kwenye kiti cha kitambaa kilichokuwa cha baba yake Anwari, na mto ukadidimia na kubaki hivyo. Chai ikimiminwa vikombe vitatu, cha nne kilikutwa kimelowa ndani. Paka akahamia kwa jirani. Na kila magharibi harufu ile ya udongo mbichi ilitoka pale kitini, ikazunguka sebule taratibu kama mtu anayetazama picha za ukutani, ikapita mlango wa Nusrat, ikasimama pale, ikasimama tena kitambo, na Nusrat kitandani akawa anavuta pumzi kwa mdomo ili asiinuse, na mtoto tumboni, aliyekuwa akicheza mchana kutwa, akawa kimya kabisa kama aliyeambiwa nyamaza na mtu anayemheshimu.

Wakamwita shehe Makame, msomaji ambaye hata wenye magari walimfuata. Akasoma. Akafukiza udi. Halafu akakunja mkeka wake.

"Kisomo changu ni cha kumfukuza aliyevamia," akasema. "Huyu kaalikwa kwa mdomo wa mwenyeji. Mwizi ningemtoa. Mgeni simtoi."

"Sasa tufanyeje, shehe?" Anwari akanong'ona.

"Mvumilieni. Kila mgeni siku moja anaaga. Akiaga, msindikizeni wakubwa wa nyumba mpaka njia panda, mpeni kisogo, mrudi bila kutazama nyuma. Ataenda."

"Na asipoaga?" Bibie akauliza.

"Ataaga, bi mkubwa. Ngojeni tu."

Kungoja ndiko kulikomshinda Bibie. Shehe alipopotea kwenye kona, akashika kiuno. "Ningoje jini linywe sukari yangu? Wazee walishasema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wavivu wote wamekimbia nyumba hii kwa jembe."

"Mama, usi..." Nusrat akaanza.

"Wewe nyamaza. Mdomo wako umeshafanya kazi."

Akatoa jembe stoo, akaliegemeza kwenye kile kiti, akasema kwa sauti ya sokoni, "Haya, mgeni. Siku zako mbili zimeshapita. Shamba liko nyuma."

Mto ukainuka. Wote watatu waliuona unavyojaa hewa polepole. Kandambili zikasikika kizingitini, kwa mara ya kwanza, chwa, chwa, chwa, zikaenda uani. Bibie akapiga kofi paja lake. "Mmeona? Hakuna jini linalopenda kazi."

Usingizi ukawapata. Kabla ya adhana ya alfajiri, Nusrat aliamshwa na kishindo kidogo, kizito, cha chuma na ardhi, kikapumzika, kikaja tena, bila haraka, kama kazi ya mtu anayejua urefu anaoutaka, na alitaka kumwamsha Anwari na mkono ukakataa, alitaka kusema bismillahi na ulimi ukakataa, na kila jembe liliposhuka kule nyuma mtoto tumboni aliruka mara moja, kwa kipimo kile kile, jembe na mtoto, jembe na mtoto, mpaka mwadhini alipokohoa kwenye kipaza sauti na vyote viwili vikatulia.

Asubuhi walikuta shimo nyuma ya nyumba, katikati ya mabua ya mahindi. Kingo zimenyooka. Upande wa kibla, ubavuni, pamechongwa mwanandani, ile nafasi anayolazwa maiti. Lilikuwa dogo mno. Paka angetosha, mtu asingetosha. Jembe lilikuwa limerudishwa ukutani.

Bibie akakata bua, akapima shimo, akalivunja bua sawasawa na urefu ule, akaliweka chini ya mkeka. Siku chache mbele Nusrat akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Wakamwita Saida. Alipoletwa kutoka hospitali, Bibie akangoja mama mtu alale, akalitoa bua, akalilaza kando ya mtoto.

Lilitosha kutoka utosi mpaka kisigino.

Shehe Makame alipoitwa tena hakuvua hata viatu. "Ungengoja, bi mkubwa. Umempa jembe. Mwenye jembe si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani, na hata kuaga haagi mpaka amalize alichokianza."

"Basi kosa ni langu," Bibie akasema, macho makavu.

"Sasa kosa la nani? Lako, la mkweo, la Kiswahili chenyewe." Akaenda zake.

Walilifukia shimo. Kesho yake lilikuwa wazi. Walitupa jembe Mto Ruaha, likarudi limelowa. Anwari akapanda basi mpaka ile gesti ya Mwanjelwa, akamkuta Jackline anapiga hodi kwenye kila mlango, taratibu, kwa vidole.

"Shikamoo, kaka," binti akasema, akatazama chini. "Tangu mlipoondoka tumepumua. Bosi kapaka hadi rangi."

"Mrudisheni."

"Nani atamwalika, kaka? Wewe ungemwalika?"

Anwari akageuka kurudi stendi, jibu akiwa nalo.

Wakahamia Makongolosi kwa ndugu wa Nusrat, kwenye ardhi kavu ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaitoboa kwa mitarimbo na matusi. Shimo likawa nyuma ya nyumba asubuhi ya kwanza, limekatwa kwenye mwamba kama kwenye siagi. Jirani yao Jailos, mchimbaji wa miaka mingi, alilizunguka akitikisa kichwa. "Mwenzetu kajuaje mkanda wa dhahabu umepita hapa?" Akabeba mchanga wake viroba viwili, akaosha kutwa nzima, hakupata hata chembe. Wakarudi Iringa. Kulihama jambo hili kulikuwa gharama ya nauli tu.

Saida akakua, na shimo likakua. Akitambaa, kidogo. Akisimama dede, zaidi. Aliumwa surua akakonda, urefu ukabaki ule ule, na shimo likamsubiri. Watu wakisema "Mashallah, mtoto anarefuka," Nusrat alijibu "Najua," akageuza uso. Mwaka alipoanza shule, fundi cherehani akaomba mtoto aletwe apimwe sare. Nusrat hakumpeleka. Alikwenda uani na kamba, akapima, akampelekea fundi kamba. Sare ilimkaa vizuri.

Saida mwenyewe alikuwa mtoto wa adabu. Anaamkia kila mtu, anapokea mizigo ya wakubwa, hodi ikipigwa ndiye wa kwanza kuitika. Bibie alijaribu kumfundisha utukutu akashindwa. Adabu ni kama rangi ya macho, ukishaipata ndiyo hiyo.

Halafu mwaka huu, baada ya Idi, shimo likaacha kuongezeka. Nusrat alipima na kamba ile ile, wiki hii, na ijayo, na nyingine. Halikusogea. Jana asubuhi alikuta kingo zimefagiwa. Jembe lilikuwa ukutani, limeoshwa, mpini juu, kama linavyowekwa na mtu aliyemaliza msimu. Kandambili zilikuwa kizingitini. Kwa mara ya kwanza ncha zake zilitazama nje.

Akamwita Bibie. Bibie akatazama, akakaa chini pale pale kwenye udongo.

"Anaaga," Nusrat akanong'ona. "Mama, shehe alisema akiaga tumsindikize sisi, wakubwa. Tutamsindikiza sisi, si ndiyo? Mama? Si ndiyo?"

Saida akatoka ndani. Alikuwa ameoga, amevaa sare yake, amefunga mtandio vizuri. Hakuna aliyekuwa amemwandalia maji, na nywele zake zilinukia udongo mbichi.

"Mama," akasema, "bibi wa kitini anaondoka leo. Nimeshamwambia nitamsindikiza. Kasema si mbali, mpaka hapo nyuma tu."