Sakafu ya Mbao

Kila siku baada ya shule, Sindano alivua viatu mlangoni mwa duka la mama yake, akatundika mkoba kwenye msumari, kisha akapokea zamu ya kumlea mdogo wake. Jina hilo la Sindano alipewa na baba yake kwa sababu ya wembamba wake, na pia kwa sababu alikuwa na tabia ya kushikilia swali moja mpaka limchome mtu. Mdogo wake, aliyekuwa anakaribia kutimiza mwaka, walimwita Bosi. Huyo hakuwa na kazi nyingine duniani ila kuamuru.

Mama yao alikuwa fundi wa nguo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichoinuliwa juu ya nguzo fupi, ili mvua ikinyesha maji yapite chini, na sakafu yake ilikuwa ya mbao tupu. Nje kulikuwa na baraza ya saruji ambapo wateja walisubiri. Ndani kulikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia vitambaa, na rundo kubwa la vipande vilivyobaki, ambalo Bosi alikuwa amelifanya kitanda chake cha mchana.

Fundi akiwa kazini hana mikono ya ziada. Mama alishika kitambaa huku na huku, na mdomoni alikuwa amebana pini. Kwa hiyo alipotaka kumwita Bosi, alipiga sakafu kwa kisigino, kisha akaita kwa sauti ya mtu mwenye pini mdomoni, "Bosi, njoo kwa mama." Bosi aligeuka palepale, akacheka kwa meno yake machache, akaja. Na cherehani ilipoanza kukimbia, alipiga makofi mpaka wateja wakasahau kwamba nguo zao zimechelewa.

"Huyu atakuwa mwanamuziki," walisema.

Mama alifurahi, tena kwa haki. Bosi alizaliwa njiti, kabla ya miezi kutimia, mdogo kiasi kwamba baba yao, ambaye ni makanika na amezoea kubeba injini, aliogopa kumbeba. Watu walikuja kumwona wakaondoka wakinong'ona kwamba mtoto wa namna hiyo hubaki nyuma. Mama aliyasikia na kuyameza. Basi Bosi alipokaa mwenyewe, mama alitangaza mtaa mzima. Alipotambaa, akatangaza tena. Aliposimama dede akishikilia mguu wa meza, kazi ilisimama na wateja wote wakaitwa kushuhudia. Na alipochukua hatua zake za kwanza kabla ya kutimiza mwaka, mama alimpima mteja kiuno huku akimweleza habari hiyo, na sketi ile ilibidi ishonwe upya.

Alasiri moja Bosi alikuwa kwenye baraza, ameketi anapigapiga kikombe cha plastiki. Kinyozi wa duka la jirani alitoka na beseni la bati, likamponyoka na kuanguka nyuma ya mtoto kwa kishindo. Sindano aliruka. Mteja mmoja alimwaga maji aliyokuwa akinywa. Bosi aliendelea na kikombe chake.

"Mtoto jasiri," alisema kinyozi, akiokota beseni lake.

Baba, ambaye alikuwa amepita kuleta mkate, alicheka. "Bosi akiwa ndani yuko kazini, akitoka nje yuko likizo. Huku nje hata mimi nikimwita haniangalii."

Sindano naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Kwa nini mtoto aitike ndani, na nje awe mkaidi? Swali hilo lilimkaa.

Kesho yake alianza kuchunguza. Bosi akiwa amesimama kwenye mbao, amempa mgongo, Sindano alikaa juu ya meza, miguu ikining'inia, akamwita. Bosi hakugeuka. Akamwita kwa nguvu. Kimya. Akashuka, akapiga sakafu kwa kisigino bila kusema neno. Bosi aligeuka akicheka.

Sindano alimbeba akamketisha juu ya rundo la vitambaa. Mama akakanyaga cherehani, ikanguruma kama kawaida. Bosi alinyonya kidole tu, anatazama ukutani. Alipomshusha kwenye mbao, mikono ikaanza kupiga makofi.

Sindano aliogopa, na alitamani asingekuwa amegundua lolote.

Jioni mteja wa mwisho alipoondoka, alimwendea mama. "Mama, nadhani Bosi hasikii. Nadhani ni mbao zinazomwambia. Zikitikisika anajua."

Mama aliweka mkasi mezani polepole. "Mwanangu, mdogo wako alipozaliwa walisema hatakaa, akakaa. Wakasema hatatembea, na wewe mwenyewe umemwona. Sasa na wewe umejiunga nao?"

"Sijajiunga nao, mama. Nauliza."

"Basi umeshauliza. Kunja vile vitambaa twende nyumbani."

Sindano alikunja vitambaa macho yakimchonyota. Hakuna kitu kilichomuuma kama kuambiwa amejiunga na watu wale. Lakini hakuliacha swali lake. Alijua siku ya kliniki ya mwaka mmoja inakaribia, na kwa bahati shule zingekuwa zimefungwa. Aliomba aende kumsaidia mama kubeba mfuko, na mama akakubali, akidhani yale yameshapita.

Kliniki ilikuwa jengo refu lenye madirisha ya wavu na sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Muuguzi aliwakaribisha, akampima Bosi uzito na urefu, kisha akaanza kumuuliza mama maswali.

"Anasimama mwenyewe?"

"Anatembea kabisa, dada."

"Hongera. Anashika vitu vidogo kwa vidole?"

"Mpaka pini tunamficha."

"Akiitwa jina, anaitika?"

"Mara moja. Hata awe mbali, nikimwita tu anageuka."

Muuguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akageuka kuchukua sindano ya chanjo. Kumpinga mama mbele ya mgeni si jambo dogo. Mtoto aliyelelewa vizuri halifanyi, na Sindano alilelewa vizuri. Lakini muuguzi akishamaliza, nani tena atauliza?

"Mama, naomba ruhusa niseme kitu," alisema.

Mama alimtupia jicho. Alijua ni nini. "Sindano, nyamaza."

"Nisamehe, mama. Sikatai uliyosema. Anageuka, lakini ni dukani, kwenye mbao, ukipiga mguu." Kisha akamgeukia muuguzi. "Hapa ni saruji. Naomba mama amwite hapa."

Muuguzi hakucheka wala hakumkaripia. Alimtazama mama. "Tujaribu tu, mama. Haitatugharimu kitu."

Mama alikuwa amekasirika, na pia alikuwa na hakika. Alimsimamisha Bosi katikati ya chumba, uso kwa muuguzi, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Akapiga sakafu kwa kisigino, kama alivyozoea. "Bosi, njoo kwa mama."

Bosi alikuwa akitazama vifungo vya koti la muuguzi.

Mama akapiga tena kisigino. "Bosi." Safari hii aliita kwa nguvu mpaka mama mmoja akachungulia kutoka kwenye benchi la nje. Bosi alinyoosha mkono kugusa kifungo.

Mara ya tatu mama hakupiga mguu. Aliita jina halisi la mwanawe, lile alilompa siku aliyozaliwa, na sauti ikakatika katikati. Mtoto hakugeuka.

Muuguzi alimpa mama kiti. Aliuliza polepole kama Bosi alikuwa akisema ba-ba-ba kama watoto wengine. Mama alifikiri. "Alikuwa akisema sana, mpaka tukamtania. Kisha akapunguza. Tukasema amekuwa mpole."

"Watoto njiti tunawaangalia masikio kwa makini zaidi," alisema muuguzi. "Nitawatuma hospitali kubwa, ambako wana vyombo vya kupimia. Usijilaumu, mama. Mwanao ana akili. Alikosa sauti akatafuta njia nyingine. Na mmekuja mapema. Wengine huletwa hapa wakiwa wameshafika umri wa kuanza shule."

Njiani, walipofika karibu na gereji ya baba, mama alisimama.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kinyozi aangushe beseni."

"Na mimi mama yake sikuona."

"Ulikuwa unashona, mama."

"Nilikuwa natangaza," alisema mama. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamweka Bosi vizuri mgongoni. "Haya. Kesho duka limefungwa. Tunakwenda."

Walikwenda, wakaambiwa chombo cha kupimia kimeharibika. Mama akashukuru, akarudi siku aliyoambiwa. Safari hiyo foleni ilikatwa kabla ya kuwafikia, wakarudishwa. Baba akasema labda wasubiri kidogo, mama akamwambia kwamba yeye akitaka kusubiri asubiri hapo hapo kwenye gereji. Siku iliyofuata waliamka kabla ya majogoo na wakawa wa kwanza mlangoni, baba akiwa amembeba Bosi.

Majibu yalikuwa wazi. Bosi alisikia kidogo sana, masikio yote mawili, ila kwa vifaa vya kusaidia kusikia angeweza kujifunza sauti na maneno. Mtaalamu aliwapa vifaa hivyo, akawafundisha kukaa mbele ya mtoto wanapozungumza, kumwonyesha vitu kwa mikono, na kutochoka.

Kutochoka ndiko kulikuwa kugumu. Bosi hakuvipenda vile vidude vidogo masikioni. Alivichomoa, akavitupa. Kimoja kilipatikana ndani ya mfuko wa suruali ya mteja, pasi ikiwa inashuka juu yake. Sindano alivirudisha, Bosi akavitoa, Sindano akavirudisha tena huku akimwimbia usoni. Mwishowe mama alichukua vipande vya kitambaa laini, akamshonea Bosi kofia ndogo yenye mikanda chini ya kidevu na vijifuko viwili vya wavu penye masikio. Aliibomoa na kuishona upya mara kadhaa mpaka ikakaa sawasawa. Bosi alijaribu kuivua, akashindwa, akalia kwa hasira, kisha akasahau.

Wiki zilipita. Jioni moja, kwenye baraza ya saruji, Bosi alikuwa na kikombe chake kilekile. Mama alitoka bila viatu, akasimama nyuma yake, akamwita bila kupiga mguu. Bosi aliacha kikombe. Alitazama upande mmoja, kisha mwingine, kama anayetafuta kitu kilichopotea, na mwishowe akageuka kabisa. Mama alikaa chini palepale kwenye saruji akamkumbatia.

Baadaye alimwita Sindano akae karibu. Baba naye alikuwepo, mikono imejaa grisi.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Nilijivuna kwa alivyokaa na alivyotembea. Si vibaya kumsifu mtoto. Ila mimi nilitazama yale niliyotaka kuwaonyesha watu, na wewe ulimtazama yeye. Siku nyingine ukiona jambo na wakubwa hatutaki kuliona, fanya kama ulivyofanya. Omba ruhusa, sema kwa heshima, lakini sema. Hukunivunjia heshima pale kliniki. Ulinisaidia kuwa mama yake."

Sindano aliinama, akaanza kuifunga upya mikanda ya kofia ya Bosi. Baba akasema labda Sindano naye akapimwe masikio, maana ameambiwa maneno mazuri na hajaitika. Wote wakacheka.

Kulikuwa na gauni moja lililobaki kumalizwa. Mama aliingia ndani, akaketi, akabana pini mdomoni. Sindano alimbeba Bosi na kumketisha juu ya rundo la vitambaa, mbali na mbao. Mama alitazama, akaelewa, akaweka mguu juu ya kikanyagio lakini hakukanyaga mara moja. Kisha akakanyaga.

Cherehani ikanguruma. Bosi aliinua kichwa, akatulia kidogo, na juu ya rundo lile laini akaanza kupiga makofi.