Ukuta wa Kitanda cha Mwisho

Rangi ilinipiga kifuani, pwaa! Kopo zima!

"Mwizi! Mwizi mkubwa wewe!"

Aliyenimwagia ni bibi wa miaka themanini na ushee, kasimama peku juu ya kitanda, kopo tupu mkononi. Na mimi nimekuja kumsaidia!

Nikawaka.

"We bibi, una wazimu? Tunawapakia rangi bure, halafu unatuita wezi?"

Ndiyo, nilisema hivyo. Nitukaneni tu kwenye komenti, nimezoea. Ila someni mpaka mwisho, maana bibi hakuwa na wazimu hata kidogo...

Nilikuwa kidato cha tatu, klabu ya huduma kwa jamii. Kila mwaka tunatoka siku moja kufanya kazi mahali, tukirudi kila mtu anaandika tafakari ya kurasa mbili. Iliyo bora inasomwa mbele ya wazazi. Mwaka ule mkuu wa shule alichagua nyumba ya wazee. Orodha ya kazi akaiandika patron, yaani mwalimu msimamizi wa klabu. Mtu nadhifu, sauti ya upole, kila sentensi "wanangu". Tulimpenda mno, wajinga sisi.

Tulipofika hakushuka kwenye basi. Eti harufu ya rangi inampandishia pumu. Akatugawia kazi akiwa kakaa kwenye kiti chake.

"Chumba cha akina mama, kitanda cha mwisho, ukuta wa kushoto. Pakeni mara mbili, wanangu. Sitaki kuona hata alama."

Mimi ndiye nilikuwa mpiga picha, kwa hiyo niliruhusiwa simu. Nikapiga picha za kabla, nikamtumia patron mbili tatu za nje, kisha nikashika brashi na monita wetu, tuliyemwita Kiherehere. Mwenye kitanda alikuwa amepelekwa kuoga. Tukakisogeza kitanda, tukapaka. Aliporudi tulikuwa tunamalizia mara ya pili, akalinyakua kopo langu.

"Shuka bibi, utaanguka," Kiherehere akasema, huku anaendelea kupaka. Mtu analia, yeye anapaka!

"Mwambieni aache! Mnanifutia mwanangu!"

Mhudumu akaja mbio na aproni yake, akamshika bibi kiunoni. Akautazama ukuta. Akatutazama sisi.

"Nani kawaambia mpake hapa?"

"Orodha," nikajibu, jeuri bado ninayo. "Kwani kulikuwa na nini? Mikwaruzo ya mkaa tu."

"Mikwaruzo?" Sauti yake ilipanda. "Ile ni namba ya simu ya mwanawe! Karatasi zilikuwa zinampotea, akaiandika ukutani. Kila mgeni anaombwa apige. Mtoto mwenyewe akiambiwa namba yake iko ukutani, kitanda cha mwisho, anakata!"

"Si mnayo ofisini?"

"Ofisini aliacha ya uongo. Hii bibi aliipata kwa dada yake, na dada yake kafariki."

Bibi alikuwa ameshaketi. Anapapasa ukuta mbichi, rangi inamjaa viganjani.

"Nilikuwa nikiamka naisoma," akasema. "Miaka minne naisoma. Sasa nitasoma nini?"

Jeuri ikaniisha yote. Nilijisikia takataka, wallahi.

Ndipo nikakumbuka ile picha ya kabla. Nikaitafuta, nikaikuza. Ilikuwepo! Tarakimu nene za mkaa, zimepinda kwa kutetemeka kwa mkono.

"Bibi, subiri. Nampigia sasa hivi."

Nikaanza kuingiza namba. Sijafika hata tarakimu ya mwisho, jina likajitokeza lenyewe kwenye kioo. Namba ile ninayo! Nimeihifadhi kwa mkono wangu!

PATRON.

Kupitia dirishani nililiona basi, naye yumo, anajipepea kwa daftari. Hatua hamsini kutoka kwa mama yake mzazi! Katuleta sisi, watoto wa watu, tumfutie mama yake!

Kiherehere alichungulia simu yangu, akanishika mkono.

"Achana nayo," akaninong'oneza. "Huyu ndiye anaandika barua zetu za tabia. Utafukuzwa shule wewe!"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Hata mimi niliogopa. Lakini bibi alikuwa ananitazama.

Nikapiga. Nikaweka spika.

Akapokea mara moja. Si ni mimi, mwanafunzi wake mpendwa?

"Ndiyo, mwanangu!" Sauti ileile ya upole. "Mmemaliza? Pale ukutani pamefunikwa vizuri?"

Bibi alimjua kwa neno la kwanza. Akainyoosha mikono yake yenye rangi, akaichukua simu.

Nilitaka amtukane. Wallahi nilitaka amlaani mbele yetu wote!

"Pamefunikwa, baba," akasema taratibu. "Hapaonekani kitu. Umekula?"

Simu ikakatika.

Akabaki ameishikilia sikioni, anasubiri jibu. Mhudumu ndiye aliyeitoa mkononi mwake kwa upole.

Tukarudi shuleni. Mimi niliyaandika yote haya kwenye tafakari yangu, nikampelekea mkuu wa shule mkononi. Haikusomwa mbele ya wazazi. Nilipewa adhabu ya wiki mbili kwa "kuingilia maisha binafsi ya mwalimu", na yeye anafundisha mpaka leo.

Sijui mnataka funzo gani. Langu ni hili: ukienda kusaidia watu, muulize mwenye chumba kabla ya kumsikiliza mwenye orodha. Mimi sikuuliza. Nilimwita mwendawazimu mwanamke aliyekuwa analinda kitu pekee alichobakiza, na aibu hiyo ni yangu, siyo ya patron.

Na wewe mwalimu, najua umo humu na unasoma. Mama yako amekuuliza kama umekula.

Mjibu.